Wabarakisi wa Rujewa

Didas Nyenza alikuwa karani wa mizani kwenye mashine ya kukoboa mpunga ya Rujewa, na kama si ile mikanda ya sinema, pengine angekumbukwa kwa jambo moja tu: kwamba alipima mpunga wa watu miaka minane na hakuwahi kumpunja mtu. Alikuwa Mhehe wa Tosamaganga, mrefu, mkimya, mwenye kikohozi kisichokwisha. Kikohozi hicho ndicho kilichomtoa seminari baada ya miaka miwili. Wenzake walibaki kuwa mapadre, yeye akarudi nyumbani na kisanduku cha mbao na Kiingereza nusu. Kukisoma alikiweza. Kukisikia kutoka kwa mtu mpole anayesema taratibu, alikiweza pia. Lakini Kiingereza cha mzungu mwenye haraka kilimpita kama treni ya Reli ya Uhuru inavyoipita stesheni ndogo: kishindo, vumbi, na nyuma yake kimya.

Mwaka 1976 mtaalamu mmoja wa mifereji, mgeni kutoka Ulaya, alimaliza mkataba wake. Kabla ya kuondoka alimwachia Padre Liberatus, paroko wa Rujewa, mashine ya kuonyeshea sinema na kreti lenye mikanda kumi na minne. Alisema zilikuwa filamu za televisheni, hadithi moja ndefu iliyokatwa vipande vipande, inayohusu watu waliotoka nyota nyingine.

“Televisheni ndiyo nini, Baba?” Didas aliuliza.

“Redio yenye picha,” Padre Liberatus alijibu. “Kwao kila nyumba wanayo. Sasa sikiliza, Karani. Wewe umepita seminari. Jumapili utasimama pembeni ya shuka utafsiri.”

“Baba, Kiingereza changu kimelala.”

“Basi kiamshe. Jumapili ni keshokutwa.”

Wakaonyesha sinema kwenye ghala la zamani la mpunga, saa tisa alasiri, ibada za Wakatoliki na Walutheri zikiwa zimekwisha. Shuka jeupe lilitundikwa ukutani, na madirisha yakazibwa kwa magunia mpaka ndani kukawa giza. Watu walikaa chini juu ya pumba: Wasangu wenyeji, Wahehe na Wabena waliofuata vibarua vya mpunga, Wasukuma waliofika na ng'ombe zao kutafuta malisho katika tambarare za Usangu, na wengine ambao ule mwaka wa kuhamia vijijini uliwakuta kwingine ukawaleta pale. Saulo, fundi wa mashine ya kukoboa, ndiye aliyewasha jenereta, nayo ilikuwa nyuma ya ukuta tu. Kelele zake zilikuwa hazikupi nafasi ya kumsikia hata jirani yako.

Shuka likawaka. Chombo kama sufuria lililofunikwa kilitua katika shamba la mzungu. Mlango ukafunguka, wakatoka watu watatu, rangi yao ya majivu, na katika paji la uso kila mmoja ana nundu mbili kama mbuzi anayeanza kuota pembe. Mkubwa wao alisimama mbele ya mwenye shamba, akainua mkono wenye vidole vitatu, akasema maneno mengi.

Watu wote wakamgeukia Didas. Yeye alikuwa amekamata jina, Wabarakisi, au kitu kilichofanana na hilo. Baada ya jina, katikati ya kelele za jenereta, alikamata neno moja tu. Maji. Mbele yake nyuso mia mbili zilikuwa zinangoja.

“Anasema,” Didas alisema, “wao ni Wabarakisi. Hawanywi maji.”

Ghala zima likaguna. Mama mmoja akapiga makofi ya mshangao. Kiumbe kisichokunywa maji! Wiki nzima Rujewa haikuwa na habari nyingine. Watoto walijipaka majivu, wakajibandika udongo wa kichuguu kwenye vipaji vya nyuso, na wakiitwa na mama zao waje wanywe uji, walijibu kwamba Mbarakisi hanywi.

Basi Jumapili ya tatu, katika mkanda wa tatu, yule mkubwa wa Wabarakisi aliingia nyumbani kwa mwenye shamba, akakaa mezani, akachukua bilauri ya maji na kuinywa yote mpaka tone la mwisho.

Mtu mmoja akapaza sauti, “Karani! Si ulisema hawanywi?”

Didas alihisi shati likimganda mgongoni. Angeweza kusema ukweli saa ile, na jambo likaisha kwa kicheko. Lakini kabla hajafungua mdomo, mzee mmoja aliinuka katikati ya watu. Alikuwa Bujiku, Msukuma wa Maswa, mfugaji, ambaye kila alipoongea aliishika fimbo yake kwa mikono miwili kama mtu anayekama ng'ombe.

“Mimi nilipokuja hapa kutoka Maswa,” Bujiku alianza, “nilikuwa sili wali. Kwetu tulisema wali ni chakula cha mgonjwa. Mwaka wa kwanza nikakataa. Mwaka wa pili nikaonja. Leo mke wangu akipika ugali siku mbili mfululizo tunagombana. Nani hapa ataniambia mimi siyo Msukuma?”

Akainyoosha fimbo kuelekea kwenye shuka.

“Huyu bwana kwao hanywi maji. Lakini amekaa ugenini wiki ya tatu sasa. Ugenini unakunywa unachokikuta.” Akaketi.

Watu wakapiga makofi mpaka vumbi la pumba likainuka, na Saulo akalazimika kungoja kabla ya kuendelea na mkanda.

Hivyo ndivyo ilivyoanza desturi ile. Kila Jumapili mkanda ulipokwisha, watu hawakuondoka. Magunia yaliteremshwa madirishani, jua la alasiri likaingia, na kila aliyeona kosa kuhusu Wabarakisi akalileta mbele ya watu. Wengine walilitafutia sababu. Sababu ikipendeza ilipigiwa makofi, na tangu hapo ikawa kweli, kana kwamba imesemwa na Wabarakisi wenyewe.

Kesi ya vidole ililetwa wiki ya tano. Mbarakisi mmoja aliweka mkono mezani, vikaonekana vidole vitano, kama vya mtu yeyote.

“Ni mijusi hawa,” alisema kijana mmoja. “Mjusi akikatika mkia, unaota mwingine.”

“Vidole viwili viote ndani ya wiki nne?” wakamzomea.

Saulo, aliyekuwa akipangusa mashine kwa kitambaa chenye mafuta, alicheka. Yeye alikuwa amekaa Mbeya mjini na kuona sinema nyingi. “Nyie watu,” alisema, “wale ni wazungu wamevaa mipira usoni. Siku hiyo mtu amesahau kuvaa ile ya mkononi. Ni kosa lao tu.”

Ikawa kama amemwaga maji baridi. Watu walimtazama Bujiku, na Bujiku alimgeukia Saulo bila hasira.

“Mwanangu Saulo, unafikiri sisi hatujui? Kwetu wapo watu wanacheza ngoma wamevaa ngozi ya fisi. Ukisimama katikati ya uwanja ukapiga kelele kwamba yule siyo fisi, yule mjomba wangu, utakuwa umesema kweli. Lakini ngoma umeiharibu. Kuna aliyekuuliza kama ni fisi?”

Saulo akainama kuendelea na kitambaa chake. Hapo akasimama Apolonia, Mbena wa Njombe aliyekuwa akiuza maandazi mlangoni mwa mashine, mama mnene mwenye sauti ya kwaya.

“Nyinyi mnaishi huku kwenye joto, ndiyo maana mnahangaika,” alisema. “Kwetu Njombe mwezi wa sita mtu anakwenda shambani asubuhi amevaa soksi mikononi. Utahesabu vidole vyake? Siku ile ya kwanza walikuwa wametoka huko juu, na huko juu kuna baridi. Walikuwa wamevaa soksi zao za mikono, zenye vyumba vitatu. Leo wako ndani, moto unawaka, wamevua.”

Makofi ya siku ile yalizidi hata yale ya Bujiku. Hata Saulo alipiga, akasema chinichini kwamba kwa kweli, ukitazama vizuri, pale mezani moto ulikuwa unawaka.

Didas hakuwahi kupendwa namna ile maishani mwake. Watu walimpungia mkono barabarani. Mkulima akileta magunia yake mizanini, kabla ya kuuliza uzito aliuliza, “Karani, hivi yule Mbarakisi wa kike mbona nundu yake ilihama?” Apolonia alimwachia andazi la bure ili ajaribu kwake kwanza sababu aliyoifikiria usiku. Alasiri za Jumapili, akiwa amesimama pembeni ya shuka na mwanga ukimcheza usoni, Didas alijiona kama padre ambaye angekuwa.

Lakini lile neno la maji halikumwacha. Kila sababu mpya iliegemea juu yake. Mbona wana rangi ya majivu? Kwa sababu hawanywi maji. Mbona hawalii? Machozi yatoke wapi, na hawanywi maji? Na wiki ya nane, yule mkubwa wao alipolia kweli, wakasema ni yale maji ya bilauri ya mkanda wa tatu, yamemfikia machoni. Didas alisikiliza, akapiga makofi pamoja na wengine, akarudi chumbani kwake na kulala akitazama bati. Alikuwa hana hakika tena hata kama aliyosema wiki zilizofuata yalikuwa ya wazungu au yake mwenyewe.

Wiki ya tisa alikuja Helena. Alikuwa binti wa Bujiku, ametoka kumaliza chuo cha ualimu, amevaa sketi ya bluu na viatu vyenye kamba. Alikaa mbele karibu na baba yake. Katikati ya mkanda mwenye shamba alisema jambo, na Helena akacheka. Alicheka peke yake, kabla Didas hajatafsiri. Didas alielewa mara moja.

Watu walipokuwa wakitoka alimfuata nje, karibu na lundo la pumba.

“Kamwene, Mwalimu.”

“Kamwene, Karani.” Alijibu kwa Kihehe chenye lafudhi ya Kisukuma, akitabasamu kidogo.

“Wewe unasikia Kiingereza.”

“Ninasikia.”

“Basi niambie. Leo nimekosea wapi?”

Helena alitazama chini, akachora kitu vumbini kwa ncha ya kiatu. “Pale mwishoni, yule Mbarakisi wa kike alipokuwa mlangoni. Yeye alisema atarudi. Wewe umesema amechoka.”

“Umewaambia watu?”

“Nitawaambiaje? Baba alikuwa ameshaeleza kwa nini amechoka. Ilikuwa sababu nzuri.”

Wakacheka wote wawili, na Didas akakohoa, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi kifua chake kilikuwa chepesi. Alimwomba asimame naye Jumapili inayofuata. Tangu wiki ya kumi walisimama wawili pembeni ya shuka: Helena akisikiliza na kumnong'oneza sikioni, Didas akisema kwa sauti. Watu waliona, wakatafuta sababu ya hilo pia, na wengi waliipata upesi kuliko wenyewe.

Mkanda wa kumi na nne ulikatika katikati. Chombo cha Wabarakisi kiliinuka kutoka shambani, mwenye shamba akakimbia nyuma yake akipunga mikono, kisha shuka likawa jeupe. Mtaalamu wa mifereji alikuwa ameondoka na mikanda iliyobaki, au pengine hakuwahi kuwa nayo. Apolonia akasimama, akasema, “Baba Padre, tuanze upya.” Wote wakaitikia.

Didas alijua maana yake. Jumapili iliyofuata ulikuwa mkanda wa kwanza.

Chombo kilitua. Mlango ukafunguka. Mkubwa wa Wabarakisi akainua mkono wake wa vidole vitatu na kusema. Wakati huu Didas hakutazama shuka, alimtazama Helena. Helena alisikiliza mpaka mwisho, akasogeza mdomo karibu na sikio lake.

“Anasema wametoka katika nchi iliyokauka maji,” alinong'ona. “Ng'ombe wao wamekufa. Wanaomba maji.” Kisha akaongeza, “Unaweza kusema kama ulivyosema mwanzo. Hakuna atakayejua. Ni shauri lako.”

Ghala lilikuwa limeshaanza kusema lenyewe, watoto kwa wakubwa, kwa sauti moja kama sala: “Sisi ni Wabarakisi! Hatunywi maji!” Wakacheka kwa furaha.

Didas alimwashiria Saulo. Saulo akasimamisha mashine, akateremsha magunia madirishani, kisha akatoka kuzima jenereta.

“Ndugu zangu,” Didas alisema. “Siku ile sikusikia. Nilisikia neno maji tu, mengine nikayatunga. Huyu bwana hakusema hawanywi. Amesema kwao maji yamekauka, ng'ombe wamekufa, na wanaomba maji. Na siyo hilo peke yake. Kuna mengi niliyokosea, na nyie mmehangaika kuyatafutia sababu, kumbe kosa lilikuwa langu. Nisameheni.”

Alingoja kelele. Watu walikuwa wanamtazama Bujiku, kwa sababu ndiye aliyetoa sababu ya kwanza, na ndiye aliyeaibishwa kuliko wote.

Bujiku hakusimama. Fimbo ilikuwa imelala miguuni pake. Uso wake ulikuwa umebadilika, na Helena alipouona alitaka kwenda kwake, Didas akamshika mkono bila kufikiri.

“Kumbe walikuwa wanatafuta maji tu,” Bujiku alisema taratibu, kwa sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake. “Na ng'ombe wao wamekufa.” Akatikisa kichwa. “Mimi nilifika hapa na ng'ombe kumi na mmoja. Nilitoka Maswa na mia moja na ishirini. Niliposimama mbele ya mzee wa Kisangu kuomba mahali pa kunyweshea, Kiswahili changu kilikuwa kibovu. Sijui alisikia nini.”

Akainama kuiokota fimbo yake.

“Na wewe, Karani,” Bujiku akaendelea, sasa akiinua macho. “Wiki kumi na nne tumekaa hapa tunawatafutia sababu watu wa shuka, watu tusiowajua. Wewe tunakuona kila siku unapima mpunga wetu. Wewe ndiye tukukosee sababu?”

Hapo Apolonia akainuka. “Jenereta ilikuwa inapiga kelele,” alisema kwa sauti yake ya kwaya. “Hata mimi sikumsikia huyo Mbarakisi.”

“Na alikuwa na kifua,” alisema mwingine. “Mtu mwenye kikohozi masikio yanaziba. Mimi hilo nalijua.”

“Ilikuwa mara yake ya kwanza,” akasema Saulo mlangoni. “Na jenereta hiyo niliiwasha mimi.”

Wakaendelea hivyo, mmoja baada ya mwingine, kama walivyozoea, mpaka Padre Liberatus akasema sababu zinatosha, jua linazama. Wakapiga makofi. Didas alisimama pembeni ya lile shuka jeupe akilia mbele ya watu mia mbili, wala hakuficha uso. Mkono wa Helena alikuwa bado ameushika. Akina mama waliona, nao wakapiga makofi tena.

Tangu siku hiyo mikanda ilitazamwa kwa macho mengine. Pale ambapo mwanzoni walishangilia mwenye shamba akiwafukuza Wabarakisi kwa bunduki, sasa watu walimzomea. Walioniambia habari hizi wanasema mzunguko ule wa pili ndio uliokuwa mtamu hasa, ingawa wote walikuwa wanajua kinachofuata.

Mzunguko wa tatu haukufika mwisho. Balbu ya mashine iliungua, Saulo akaitafuta Mbeya, akaitafuta Iringa, akaagiza mpaka Dar es Salaam, haikupatikana. Padre Liberatus alihamishwa parokia. Panya wakaingia katika kreti. Mwaka 1978 Didas na Helena walifunga ndoa. Bujiku alipoulizwa imekuwaje amemkubalia Mhehe, alikuwa na sababu saba, na alizitoa zote.

Mwishoni mwa mwaka uliofuata Didas alisikia kwamba watu wanatafutwa kwa kazi ya ujenzi wa kiwanda cha karatasi kule Mgololo. Kabla ya kuhama alikwenda Chimala kuaga ndugu wa mke wake. Akiwa sokoni akingoja gari la kumrudisha, aliwasikia wanawake wawili wauza mchele wakibishana. Mmoja alisema chombo kile hakikuondoka na Wabarakisi wote, yule wa kike alibaki, akaolewa, na watoto wake wana nundu ndogo zinazofichwa na nywele. Mwingine alisema haiwezekani, kwa sababu Wabarakisi huzaa wakati wa masika tu, na chombo kiliondoka kiangazi.

Hakuna hata moja kati ya hayo lililokuwa katika mkanda wowote. Didas aliijua ile mikanda yote kumi na minne kwa moyo. Alifungua mdomo kuwaambia, akaufunga.

“Samahani, mama,” alimwambia huyo wa pili. “Kwa nini wanazaa masika tu?”

Yule mwanamke alimtazama toka juu mpaka chini. “Kwani baba wewe huwajui Wabarakisi?”

“Nieleze.”

Mwanamke akasogeza gunia ili mgeni apate mahali pa kukaa, akajifunga kanga vizuri kiunoni, akaanza.